Je, Serikali ya Kigeni Yaweza Kushitakiwa?

Mtu akigongwa na baiskeli ya jirani yake, ajua pa kwenda. Humwendea jumbe, na mambo yakishindikana barazani huenda mahakamani, hakimu akawasikiliza wote wawili. Lakini tuseme gari lililomgonga ni mali ya Serikali ya nchi nyingine, na dereva wake ni mtumishi wa Serikali hiyo, naye yuko kazini. Mtu huyo amshitaki nani, na mbele ya hakimu gani?

Swali hili si la kubuni. Huko Kenya mtu mmoja aliumia katika ajali ya barabarani iliyohusu gari la Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, ambayo askari wake hufanya mazoezi katika nchi ile. Akafungua madai ya fidia. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilitoa hukumu kwamba madai yake hayawezi kusikizwa, kwa kuwa mdaiwa ni dola ya kigeni, na kazi iliyokuwa ikifanywa ni kazi ya jeshi. Kama dereva alikosa au hakukosa, majaji hawakulipima jambo hilo, maana hawakufika huko. Kesi ilikomea mlangoni.

Wengi wasikiapo hukumu ya namna hii hukasirika, na hasira yao si ya bure. Hata hivyo sheria hii ina asili yake na ina mipaka yake, na mipaka hiyo imesogezwa sana tangu ilipowekwa. Tumeona yafaa kuieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu wazee wa mabaraza na walimu ndio wanaoulizwa kwanza, kabla mtu hajapata nauli ya kumwendea wakili mjini.

Kwanza tutenge mambo mawili yanayofanana na hili lakini siyo hili. Kuishitaki Serikali ya nchi yako mwenyewe ni habari nyingine. Katika Uingereza ya zamani raia hakuweza kuidai Serikali ya Mfalme mbele ya mahakama ila kwa ruhusa ya Mfalme, mpaka sheria ya mwaka 1947 ilipoondoa sehemu kubwa ya kizuizi hicho. Kenya ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1956, na Tanzania mwaka 1967. Jambo la pili ni heshima wapewayo mabalozi wenyewe, ambayo imeandikwa katika mapatano ya mataifa yaliyofanywa Vienna mwaka 1961. Hayo ni ya mtu na nyumba yake na mizigo yake. Sisi hapa twazungumza juu ya dola yenyewe, yaani Serikali ya nchi moja kusimamishwa mbele ya hakimu wa nchi nyingine.

Sasa na tufikiri majumbe wawili wa nchi zilizopakana, ambao hakuna aliye chini ya mwenziwe. Mmoja akienda kumtembelea mwingine, je, aweza kuitwa barazani kwa mwenyeji wake, akahukumiwa na kutozwa ng'ombe? Wazee wetu wangesema hapana, na kama liko neno kati yao, huzungumzwa na wao wenyewe kwa wajumbe na kwa adabu. Mataifa ya Ulaya yalikuwa na fikira hiyo hiyo tangu kale: aliye sawa hamhukumu aliye sawa naye. Lakini fikira peke yake haitoshi mahakamani. Ilibidi ipatikane kesi.

Kesi hiyo ilipatikana Marekani, nayo ni ya merikebu ya matanga iliyoitwa Exchange. Ilikuwa mali ya wafanya biashara wawili wa Maryland. Mwaka 1809 ilitweka kutoka Baltimore, safari ya Hispania, na mwaka 1810 ikakamatwa kwa amri ya Napoleon, Kaisari wa Ufaransa, ambaye siku zile alikuwa akinyang'anya merikebu nyingi za watu wasiokuwa na vita naye. Wafaransa wakaipa jina jingine, Balaou, wakaitia mizinga na kuipandisha bendera yao, ikawa manowari. Mwaka 1811 ikapatwa na dhoruba baharini, ikaingia bandari ya Philadelphia kutafuta matengenezo. Wenyewe wakaitambua. Nani asiyeijua mali yake?

Wakaenda mahakamani wakaomba warudishiwe. Mahakama ya kwanza ikawakatalia, ya pili ikawakubalia, na ile ya juu kabisa, mwaka 1812, ikawakatalia tena. Aliyeandika hukumu ni Jaji Mkuu John Marshall, na fikira zake ndizo msingi wa mengi yaliyofuata. Alianza kwa kueleza kwamba ndani ya mipaka yake dola ina mamlaka kamili juu ya kila mtu na kila kitu, wala hakuna awezaye kuyapunguza mamlaka hayo ila dola yenyewe. Basi ikiwa manowari ya kigeni haiguswi na mahakama, sababu yake si kwamba mgeni ana nguvu kuliko mwenyeji. Sababu yake ni kwamba mwenyeji ameridhia. Naye aliridhia kwa kuziacha bandari zake wazi kwa manowari za mataifa rafiki, bila kuzikataza. Sisi tungesema kwamba mgeni amepiga hodi akaitikiwa karibu. Akishaketi, haifai mwenyeji kumnyang'anya upanga wake na kumkokota kwa hakimu. Kama hakumtaka, angemzuia mlangoni.

Wale wafanya biashara wakaikosa merikebu yao. Jaji Marshall hakusema kwamba Napoleon alitenda haki. Alisema kwamba ugomvi wa namna ile ni wa Serikali na Serikali, nao hutengenezwa kwa barua na kwa wajumbe, wala si kazi ya mahakama. Wasomaji na walishike neno la kuridhia, maana tutalihitaji mbele. Kinga ya dola si ukuta ulioshuka kutoka mbinguni. Imesimama juu ya ridhaa, na kilichosimama juu ya ridhaa chaweza kupunguzwa na aliyeridhia, tena chaweza kuachwa na yule aliyepewa.

Kwa muda mrefu, hata hivyo, mahakama za Uingereza ziliishika kinga hiyo kama kwamba haina mwisho. Katika miaka ya 1890 mwanamke mmoja, Miss Mighell, alimshitaki Sultani wa Johore, nchi iliyoko kusini ya Malaya. Alidai kwamba Sultani aliishi Uingereza akijiita Albert Baker, kwa jina hilo akamwahidi ndoa, kisha asiitimize ahadi. Majaji wakapeleka kuuliza Wizara ya Makoloni mtu huyu ni nani. Ikaja barua kwamba ni mfalme kamili wa nchi yake. Kesi ikaisha papo hapo. Wakili wa mwanamke alijaribu kusema kwamba mtu ajifichaye chini ya jina la raia amekwisha kuiacha enzi yake, lakini majaji walikataa. Mfalme haachi kinga yake ila akija mwenyewe mbele ya mahakama na kukubali kuhukumiwa. Hatuna la kusema juu ya tabia ya Sultani. Twasema tu kwamba hukumu ile ilikuwa nzuri kwa wafalme kuliko kwa wanawali.

Matata makubwa hayakutoka katika ahadi za ndoa, yalitoka baharini na sokoni. Meli ya Mfalme wa Ubelgiji, Parlement Belge, ilikuwa ikichukua barua baina ya Ostend na Dover, na pamoja na barua ilichukua abiria na shehena kwa malipo. Mwaka 1878 iligongana na meli ndogo ya kuvutia, iitwayo Daring. Jaji wa kwanza, Sir Robert Phillimore, aliona kwamba meli ifanyayo biashara haiwezi kujificha nyuma ya taji, akakubali madai. Mwaka 1880 Mahakama ya Rufani ikaitangua hukumu yake, kwa sababu meli ni mali ya dola na yatumika kwa kazi ya umma, na ile shehena ni nyongeza tu. Mwaka 1920 mambo yalizidi. Meli iliyoitwa Porto Alexandre, iliyokuwa mikononi mwa Serikali ya Ureno, ilikwama karibu na Liverpool ikiwa na shehena ya biashara tupu, wala haikuwa na barua hata moja ya Serikali. Meli za kuvuta zikaiokoa, na wenye meli hizo wakadai ujira wa kuokoa, kama ilivyo desturi ya bahari. Wakarudi mikono mitupu, kwa kuwa meli ni ya dola.

Hapo kila mwenye akili aliona kwamba sheria imepotoka njia yake. Jumbe akija kwa enzi yake, ngoma zikipigwa, yafaa apewe heshima ya enzi. Lakini akija gulioni siku ya soko, akachukua mbuzi watatu akaondoka bila kulipa, je, mwenye mbuzi aambiwe kwamba huyu ni jumbe, nenda zako? Siku za Marshall dola hazikufanya biashara nyingi. Baada ya Vita Kuu ya kwanza Serikali nyingi zilikuwa na meli za shehena, reli, benki na viwanda, na nchi ya Urusi iliyatia karibu mambo yote ya biashara ya nje mikononi mwa Serikali. Mfanya biashara aliyeuziana nazo alikuwa amefungwa mikono, ilhali wao waliweza kumshitaki.

Mahakama za Italia na za Ubelgiji zilikwisha kuanza, tangu karne ya 19, kuyagawa matendo ya dola mafungu mawili. Fungu la kwanza ni matendo ya enzi, yale ambayo mtu wa kawaida hawezi kuyafanya hata akiwa tajiri namna gani: kutunga sheria, kuongoza jeshi, kufukuza wageni. Fungu la pili ni matendo ya soko, kama kununua, kuuza, kukopa na kupanga nyumba. Katika la kwanza dola ina kinga. Katika la pili haina. Marekani ilifuata njia hii mwaka 1952, kwa barua ya Jack Tate, aliyekaimu kazi ya mshauri wa sheria katika Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ikaiandika katika sheria ya mwaka 1976. Uingereza ilingoja mpaka ilipokuja habari ya saruji.

Habari hiyo ni ya Nigeria. Mwaka 1975 Serikali ya kijeshi ya nchi ile, ikiwa na fedha nyingi za mafuta, iliagiza saruji kutoka pande zote za dunia, kiasi cha tani milioni 20 hivi, ambazo bandari ya Lagos haikuweza hata kidogo kuzipokea. Meli mamia zilitia nanga nje zikingoja zamu, na kila siku ya kungoja ina malipo yake. Serikali mpya ilipoingia ikazuia malipo. Kampuni moja ya Uswisi, Trendtex, ilikuwa imeuza tani 240,000, na hati ya malipo ilitolewa na Benki Kuu ya Nigeria. Kampuni ikashitaki London. Benki ikajibu kwamba yenyewe ni mkono wa dola, na saruji ile ni ya kujengea kambi za askari, basi ina kinga.

Mwaka 1977 Lord Denning na wenziwe wa Mahakama ya Rufani waliikataa hoja hiyo. Waliona kwanza kwamba Benki ile haikuwa idara ya Serikali. Lakini Denning alikwenda mbali zaidi, akaeleza kwamba sheria ya mataifa huendelea kukua, na kwamba Serikali ikiingia katika soko la dunia kununua saruji au viatu, na ifuate sheria za soko kama wanunuzi wengine. Haidhuru saruji itajengea kambi au shule. Cha kutazamwa ni tendo lenyewe, wala si kusudi lililo moyoni mwa mnunuzi, maana dola yaweza kusema sikuzote kwamba kusudi lake ni la umma. Mwaka uliofuata, 1978, Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kinga ya dola, iliyotaja wazi mambo ambayo dola ya kigeni yaweza kushitakiwa kwayo: mapatano ya biashara, ardhi na nyumba zilizoko Uingereza, baadhi ya mikataba ya kazi, na hata mtu kufa au kuumia kwa kosa lililofanyika nchini humo.

Msomaji mwangalifu atauliza hapo: kama mtu kuumizwa kumetajwa, mbona yule wa Kenya alikataliwa mwaka 1983, wakati sheria hiyo ilikwisha kutungwa? Jibu ni kwamba sheria ya Uingereza haikuwa sheria ya Kenya. Majaji wa Kenya walizitazama desturi za mataifa, wakayakubali mafungu mawili tuliyoyaeleza, kisha wakapima mazoezi ya askari ni ya fungu gani. Nani atasema kwamba kuzoeza jeshi ni kazi ya soko? Tena hata ile sheria ya Uingereza imeacha nje mambo ya majeshi ya kigeni yaliyoko katika nchi ile. Mmarekani aliyetibiwa vibaya katika hospitali ya jeshi la Marekani huko Uingereza alikataliwa vivyo hivyo na mahakama za Kiingereza katika miaka ya 1990. Majaji wa Nairobi basi hawakufuata njia ya peke yao. Hata hivyo twaona kwamba hukumu ya namna hii humwelemea mtu asiyekuwa na hatia: barabara ni ya wote, na mguu uliovunjika hauulizi kama lori lilikuwa la enzi au la biashara.

Dawa ya jambo hili imetafutwa katika lile neno la kuridhia. Nchi ikiruhusu askari wa kigeni kuja kwake, yaweza kuweka sharti tangu mwanzo kwamba watu wake wakidhurika, mgeni atajibu madai. Mataifa ya muungano wa NATO yaliandika sharti la namna hiyo katika mapatano yao ya mwaka 1951. Kenya na Uingereza nazo ziliandikiana mapatano juu ya majeshi. Faida yake ilionekana baada ya mwezi Machi 2021, moto ulipotokea huko Lolldaiga, Laikipia, wakati wa mazoezi ya askari wa Kiingereza, ukateketeza maelfu ya ekari za malisho na msitu. Wakazi wa jirani wakashitaki. Uingereza ikaleta hoja ya kinga, kama mwaka 1983. Lakini safari hii, mwaka 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Kenya iliikataa hoja hiyo, ikaona kwamba kwa mapatano yale Uingereza ilikwisha kuridhia madai ya watu wa nchi. Mwaka 2025 ilijulikana kwamba Uingereza imekubali kulipa karibu pauni milioni 3 kwa wadai zaidi ya 7,000. Akigawa msomaji mwenyewe ataona kwamba fungu la kila mmoja si kubwa. Lakini ni tofauti na kukomea mlangoni.

Sasa twaja kwenye jambo zito zaidi, ambalo wenyeji wa Nairobi na Dar es Salaam hawatalisahau. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu mawili yalilipuka karibu wakati mmoja katika balozi za Marekani za miji hiyo. Watu 213 walikufa Nairobi na 11 Dar es Salaam, na walioumia walikuwa maelfu. Wamarekani katika waliokufa walikuwa 12. Wengi kupita kiasi walikuwa watu wa nchi hizi. Waliofanya tendo hilo ni kundi la Al Qaeda, na Serikali ya Sudan ililipa kundi hilo makao katika miaka ya 1990. Je, Sudan yaweza kushitakiwa?

Kwa sheria ya zamani isingewezekana, maana kumpa mtu makao katika nchi si tendo la soko. Lakini mwaka 1996 Bunge la Marekani lilikuwa limetoboa tundu jipya katika ukuta: nchi ambayo Serikali ya Marekani imeitaja kuwa ni msaidizi wa magaidi haina kinga katika mahakama za Marekani kwa madai ya vifo na majeraha ya namna hiyo. Sudan ilikuwa katika orodha hiyo tangu mwaka 1993. Madai yakaanza mwaka 2001. Mwaka 2008 sheria ikapanuliwa, hata watumishi wa Serikali ya Marekani wasio Wamarekani wakapata haki ya kudai, na kwa njia hiyo Wakenya na Watanzania waliokuwa makarani, madereva na walinzi wa balozi zile, pamoja na jamaa zao, wakaingia katika kesi. Mahakama ilikata fidia iliyozidi dola za Kimarekani bilioni 10. Rufani zikafuata, mpaka Mei 2020 Mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilipoamua kwamba hata fidia ya adhabu yaweza kutozwa kwa jambo lililotendeka kabla ya sheria ya 2008.

Fedha zilizolipwa zilikuwa chache mno kuliko zilizokatwa. Serikali mpya ya Sudan, iliyotaka kutolewa katika orodha ile, ilipatana na Marekani kulipa dola za Kimarekani milioni 335, na mwezi Desemba 2020 Bunge la Marekani likairudishia Sudan kinga yake kwa madai kama hayo. Katika mgao, watumishi wenyeji walipewa kidogo kuliko Wamarekani waliokufa au kuumia pamoja nao katika jengo lile lile. Na yule aliyekuwa akipita njiani? Na wale waliokuwa katika nyumba ya Ufundi, iliyosimama kando ya ubalozi wa Nairobi ikaanguka yote? Hao hawakuwa raia wa Marekani wala watumishi wa Serikali yake, basi tundu lile halikuwatosha kupita. Sisi twaona kwamba hapa ndipo sheria hii inapoonyesha udhaifu wake ulio mkubwa. Mlango uliofunguliwa na nchi moja kwa watu wake hupimwa kwa kimo cha watu wake.

Hata mdai akishinda, kazi haijaisha. Kuna kinga ya kushitakiwa, na kuna kinga ya mali kukamatwa, na hii ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Mwenye hukumu mkononi hawezi kwenda kuchukua viti vya ubalozi, wala fedha za kuendeshea ubalozi, wala manowari. Jambo hili lilijaribiwa Afrika, miaka 200 kamili baada ya kesi ya Exchange. Argentina ilishindwa kulipa madeni yake mwaka 2001. Kampuni moja iitwayo NML Capital ilikuwa na hati za madeni hayo, na hukumu za mahakama pia, nayo ikawa ikitafuta mali ya Argentina popote duniani. Mwezi Oktoba 2012 meli ya matanga ya jeshi la Argentina, Libertad, ambayo hufundishiwa wanamaji vijana, iliingia bandari ya Tema huko Ghana kwa ziara ya urafiki. Mahakama Kuu ya Ghana ikaamuru izuiliwe, kwa kuwa katika hati za mkopo Argentina ilikuwa imeandika kwamba inaiacha kinga yake.

Argentina ikaenda kwa mahakama ya mataifa ihusuyo sheria ya bahari, iliyoko Hamburg. Tarehe 15 Desemba 2012 mahakama hiyo iliamuru meli iachiliwe, kwa kuwa manowari ni alama ya enzi ya dola inayoipeperushia bendera. Ikang'oa nanga siku chache baadaye. Mwaka 2013 Mahakama ya juu ya Ghana yenyewe ikasema kwamba meli ile haikupasa kuzuiliwa. Deni lilikuja kumalizwa mwaka 2016, kwa mapatano.

Tumalizie na mambo madogo ambayo huwafikia watu wetu mara nyingi kuliko manowari. Mtu anayepangisha nyumba kwa ubalozi, au anayeuzia jeshi la kigeni nyama na mboga, amefanya biashara na dola ya kigeni, na kwa desturi ya mataifa mengi siku hizi aweza kuidai mahakamani. Hata hivyo ni afadhali atake liandikwe katika mkataba, kwa maneno wazi, kwamba Serikali hiyo inakubali kuhukumiwa na mahakama za nchi na kwamba inaachilia pia mali yake ya biashara ikamatwe ikishindwa. Maana kukubali kushitakiwa hakuchukuliwi kuwa ni kukubali kunyang'anywa. Watumishi wa nyumbani wa balozi nao wasikate tamaa upesi. Mwaka 2017 Mahakama ya juu ya Uingereza iliwapa haki wanawake wawili waliofanya kazi za nyumbani katika balozi za Sudan na Libya huko London, ikaona kwamba kupika na kufagia si kazi ya enzi. Na anayetaka kushitaki asimpelekee bawabu wa ubalozi hati ya mashitaka. Desturi ni kwamba hati hupitia Wizara ya Mambo ya Nje, nayo huipeleka kwa Wizara mwenziwe ya nchi inayodaiwa. Njia hii huchukua miezi, na aliyeikosea aweza kuambiwa aanze upya.